Mwavi Jikoni, Kitabu Mkononi

Ninyi vijana mnaokuja barazani kwangu na vitabu kwapani, mkaniuliza, "Babu, hiki kizuri?", mnauliza kama watu wanaouliza bei ya nyanya. Kitabu si nyanya. Mimi nimesomea hadithi watu wazima wenye mashoka, watu ambao hadithi isipowapendeza wanakuambia usoni, na ikiwapendeza kupita kiasi hapo ndipo uogope. Kijitabu kimoja cha jalada jekundu kilitaka kumnywesha mtu mwavi. Mwavi ninyi mnaujua kwa jina tu. Ni sumu ya gome la mti: ukinywa ukatapika, huna hatia, usipotapika, unazikwa. Kitabu hicho nilikishika mimi, kwa mikono hii, na chungu cha mwavi kilikuwa kinatokota pale pale mbele yangu.

Nitawaambia vitabu gani vizuri. Lakini nitawaambia kwa njia yangu.

Shule niliionja tu. Misheni upande wa Igalula walinifundisha herufi mpaka nikaweza kusoma katekisimu, halafu baba akanitoa nikachunge mbuzi. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe, kwenye magunia ya chumvi na mbao za matangazo pale stesheni. Cheti sina na sijawahi kukitafuta.

Zama za Mwingereza, miaka yake ya mwisho mwisho, nilikuwa mnoa misumeno katika kambi ya wapasua mbao, ndani ya msitu, kando ya ile njia ya zamani ya wapagazi iliyotoka Ujiji ikapita Tabora kwenda pwani. Tulipasua mninga. Kama hamjaona kazi hiyo, iko hivi: unachimba shimo la kumzidi mtu kimo, unalaza gogo juu yake kwenye mihimili miwili, unalikaza kwa kabari lisibingirike. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake anashuka shimoni. Msumeno mmoja mrefu, mikono minne. Wa juu anaona mstari. Wa chini haoni kitu, macho yamejaa vumbi la mbao, na roho yake ameiweka chini ya miguu ya mwenzake. Ndiyo maana tulisema mwenzi wa msumeno anamshinda mke: mke akikukasirikia hakuangushii gogo. Na tulikuwa na neno letu jingine, ambalo kila anayeingia kambini alifundishwa kabla hajashika mpini: neno la shimoni halitoki shimoni. Yaani wakisemezana wa juu na wa chini, yakawa matusi, yakawa siri, hayo ni yao wawili.

Mnyapara wetu alikuwa Mzee Shabani, Mmanyema wa Tabora mjini, mtu wa swala tano na ulimi mkali. Yeye ndiye aliyenifundisha kunoa. "Jino moja lilaze kulia, linalofuata kushoto," aliniambia. "Ukiyasimamisha yote kama askari, msumeno utabanwa." Na ni yeye aliyenifundisha kusomea watu. Siku moja alinikuta nawasomea wenzangu kipande cha gazeti kilichofungiwa dagaa. Akasikiliza kidogo, akatema mate.

"Machibya, unasoma kama mtu anayekimbizwa na nyuki."

"Ndivyo nilivyofundishwa, mzee."

"Hukufundishwa. Sikio la mtu aliyechoka ni mbao mbichi, linabana. Vuta, acha. Vuta, acha. Msumeno huo huo."

Tangu siku hiyo, kila alipokwenda mjini na mbao alirudi na kitabu kutoka duka la Mhindi mmoja aliyeuza kaniki, mafuta ya taa na hadithi kwenye rafu moja. Ilipofika adhuhuri, jua likiwa kali hata mtu hawezi kuvuta msumeno, nilikaa juu ya kisiki nikasoma. Na nilipewa kijaluba changu cha asali kila walipolina. Hiyo ilikuwa kazi, msidhani ni mchezo. Jambo la kwanza nililojiwekea ni hili: sisomei watu ukurasa ambao sijautangulia mimi mwenyewe. Huwezi kuingiza msumeno kwenye gogo hujui lina msumari wapi.

Sasa, watu wale walivipokeaje vitabu? Sikilizeni, maana hamtasikia haya shuleni.

Cha kwanza kilikuwa cha safari. Mzungu mmoja anapita nyika yetu hii hii kutafuta hazina, peke yake, anapigana na simba, analala hemani. Nilifikiri watafurahi. Tulikuwa na mzee kambini, Mzee Kulwa, ambaye baba yake alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo na bega lake likabaki na sugu mpaka alipozikwa. Kulwa aliinua mkono.

"Simama hapo. Hema lake limefikaje?"

"Kitabu hakisemi, mzee."

"Na sanduku la bunduki? Na unga? Na hiyo chai anayokunywa kila akiketi?"

"Hakisemi."

"Basi mwambie huyo aliyeandika, asiyemwona mpagazi, hiyo hazina hataiona." Akajilaza akafunika uso kwa kofia. Kitabu kikafa pale pale. Nami nawaambia: akiwamo mtu anayekunywa chai porini na hajulikani nani kabeba birika, kirudisheni dukani.

Cha mizimu kilikuwa kichekesho. Nyumba kubwa, mwanamke aliyekufa anatembea ngazini analia. Nilisoma kwa sauti ya chini ili waogope. Hakuna aliyeogopa. Walimhurumia. "Huyu hana ukoo?" waliniuliza. "Analia miaka yote hiyo na hakuna hata mtu wa kumwagia pombe kaburini?" Walikasirika na wenye nyumba, si na mzimu.

Cha mapenzi ndicho walichokitukana zaidi. Msichana anampenda kijana, anafungiwa ndani, anakonda, anakufa. Tulifika katikati tu. "Posa imepelekwa?" aliuliza Yohana. Huyu Yohana alikuwa Mmoraviani, mtu wa makamo, mgumu kama mpingo, na ndiye pekee kambini, mbali na mimi, aliyeweza kusoma, ingawa polepole, kwa kidole. Nikajibu posa haijapelekwa. "Hapana hadithi hapo," akasema. "Hapo pana uzembe." Wakacheka, nikakitia kitabu sandukuni. Mimi mwenyewe nilikwisha kukimaliza, nikalia. Msicheke. Nililia nikiwa nimekaa juu ya gogo la mninga na tupa ya kunolea mkononi, na yeyote aliyeniona alijua kunyamaza.

Halafu Mzee Shabani akaleta kile chekundu. Cha upelelezi.

Mfanyabiashara wa mji fulani wa bandari anakutwa amekufa chumbani. Wanashukiwa mpwa wake, mpishi wake, na mdeni wake. Rafiki yake wa utotoni ndiye anayelia kuliko wote, ndiye anayeosha maiti, na ndiye aliyekutwa na ufunguo mkononi. Hakika mwandishi yule alijua kazi yake. Kila sura alikuachia mlango wazi kidogo. Watu waliacha kulala adhuhuri. Wakaacha hata utani. Kabla ya hapo Mabula, Msukuma pekee kambini, alikuwa hapumui kwa kutaniwa: "Mabula, ng'ombe wako wanakusalimu, wanasema wewe ndiye mwenye akili ndogo zizini." Naye hujibu, "Na Wanyamwezi mlikopa wapi ng'ombe wa kuwajua?" Sasa kimya. Walitazamana. Asali ya mtu ikipungua hasemi tena "panya hao"; anauliza nani alipita hapa, na alikuwa ameshika nini. Kambi nzima ikawa ya wapelelezi. Niliona, na nikaendelea kusoma, maana hakuna msomaji anayeacha kusoma akiwa amewashika watu masikio namna ile.

Tulikuwa tumebakiza sura ya mwisho mvua iliponyesha. Asubuhi yake tukasikia gogo likigonga, na ukelele.

Lilikuwa shimo la Mabula na Mihayo. Mabula wa juu, Mihayo wa chini. Walikuwa wenzi wa msumeno tangu waingie kambini. Mihayo alikuwa binamu yake Yohana, na Yohana ndiye aliyefika kwanza. Alimkuta Mabula amesimama ukingoni, kabari mkononi, na gogo limelala shimoni juu ya mguu wa Mihayo. Mabula akaitupa kabari, akaruka ndani, akaweka bega chini ya gogo akalia kama mtoto, mpaka sote tukafika tukaliinua. Wakati tunamtoa Mihayo, alimvuta Mabula shati, akamnong'oneza kitu. Tuliona midomo tu. Mguu sitauelezea.

Mzee Shabani akampakia kwenye lori la mbao kwenda hospitali ya Kitete, kule Tabora. Kabla hajapanda alitugeukia. "Mtu asiguswe mpaka nirudi. Mmenisikia?" Tukaitikia. Lakini mvua ilirudi, mto ukajaa, barabara ikakatika. Akawa harudi.

Yohana alimkalisha Mabula mbele yetu.

"Kabari ilitoka yenyewe?"

"Hapana."

"Nani kaing'oa?"

"Mimi."

"Na Mihayo yuko chini?"

"Yuko chini."

"Kwa nini?"

Mabula akatazama mikono yake. Yohana akauliza tena, na wengine wakauliza, kwa upole na kwa matusi. Mabula hakufungua kinywa. Kung'oa kabari na mtu yumo shimoni ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Kwa hilo Mzee Shabani alikuwa akimfukuza mtu kambini siku hiyo hiyo. Sasa mtu anafanya, anakiri, na hasemi sababu. Mnadhani tulifikiri nini?

Yohana akasema lililokuwa kwenye vichwa vya wote. "Ni kama yule wa kitabuni. Yule rafiki. Analia kuliko wote, na ufunguo anao mkononi."

Hapo ndipo nilipotamani kukichoma kitabu kile, kwa sababu mimi nilikuwa nimeitangulia sura ya mwisho. Nilijua nani kaua.

Wakamfunga Mabula mikono kwa kamba ya kufungia magogo. Yohana akatuma mtu kijiji cha jirani, na mtu huyo akarudi na gome. Serikali ilikwisha kupiga marufuku mwavi, lakini serikali ilikuwa Tabora, na kati yetu na Tabora palikuwa na mto uliofurika. Nikamwendea Yohana.

"Wewe umebatizwa."

"Nimebatizwa. Na binamu yangu yuko Kitete anakatwa mguu, kama si roho."

"Ngoja Mzee Shabani."

"Nimengoja." Akanitazama kwa macho mekundu ya kukosa usingizi. "Sitaki kumwonea mtu, Machibya. Tumalize kitabu. Kikisema muuaji si yule rafiki, namfungua Mabula kwa mikono yangu. Kikisema ni yeye, atakunywa."

Nilidhani watu watamcheka. Hawakucheka. Waliitikia kwa vichwa, mmoja mmoja. Na mkitaka kuelewa kwa nini, mjue kwamba kwetu Unyamwezi shauri likiwashinda watu hupelekwa kwa mfumu, mganga wa ramli. Mwenye shauri analeta kuku wake, mfumu anampasua, anasoma alama ndani ya mbawa na mgongoni, anakuambia nani mwenye hatia. Watu wale walizoea tangu utoto kwamba yuko mtu anayeona alama ambazo wao hawazioni, na akisema, imesemwa. Kwa miezi mingi mimi nilikuwa nimekaa mbele yao juu ya kisiki nikisoma alama. Wangenichukulia vipi?

Nilikusudia kudanganya. Nasema wazi, wala sioni haya: ningebadili sura ile bila kupepesa jicho, ningemwua yule mfanyabiashara kwa mkono wa mpishi na mpishi anisamehe. Nikakaa kwenye kisiki, nikafungua. Yohana akaja akaketi bega kwa bega nami, akaweka kidole chake chini ya mstari wa kwanza.

"Soma," akasema. "Nakufuata."

Basi nikasoma. Jua lilikuwa utosini. Mbele yangu Mabula amekaa juu ya ubao, mikono nyuma. Upande wa jiko, chungu kikipiga kifuniko. Nilivuta, nikaacha, kama nilivyofundishwa, nikazidisha kuacha. Nilikunywa maji, nilikohoa, nilisema nzi kaniingia jichoni. Kidole cha Yohana kilinisubiri pale pale kwenye neno. Niliwahi kutembea na chui nyuma yangu njia nzima, hapo karibu na Igalula, na njia ile haikuwa ndefu kama kurasa zile.

Mwisho ulifika. Rafiki. Ni rafiki ndiye aliyeua, na machozi yake yote yalikuwa ya kununulia watu.

Hakuna aliyeshangilia. Yohana aliondoa kidole, akasimama, akaenda jikoni akaepua chungu. Mabula alimtazama tu. Mtu mmoja akaanza kutafuta kibuyu.

Nikapata neno. Sijui lilitoka wapi; nadhani lilitoka kwa bibi yangu.

"Mzee Kulwa," nikasema kwa sauti, "shikamoo."

"Marahaba," akasema, akishangaa, maana tulikuwa tumeshinda pamoja tangu alfajiri.

"Kwa baba zako, mtu alipewa mwavi kwa kuku mmoja?"

Yohana akageuka na chungu mikononi.

"Kitabu si kuku, Machibya."

"Ninyi ndio mmekifanya kuku! Mimi niliwaletea hadithi, mkaikalia kama ramli ya mfumu. Sawa. Basi fuateni na taratibu za mfumu. Mzee, kuku mmoja?"

Mzee Kulwa akajikuna shavu. "Kuku mmoja hahukumu roho ya mtu," akasema mwishowe. "Wa kwanza akisema ndiye, anapasuliwa wa pili. Wakipishana, mtu haguswi. Ndivyo ilivyokuwa." Kisha akaongeza, "Na kuku anachaguliwa na mwenye shauri mwenyewe, asije msomaji akachagua jogoo wake."

Yohana akaweka chungu chini. Akaja kwenye sanduku langu la vitabu, akafumba macho kwa haki, kwa kweli alifumba, akatia mkono. Nilimwomba Mungu kile cha mizimu kisitoke, maana kile hakina mwisho wa maana. Akatoa cha mapenzi.

Mtu akaguna, "Posa haijapelekwa." Hakuna aliyecheka.

Nikaanza tulipoishia. Na ninyi mnaosema vitabu vya mapenzi ni vya watoto wa kike, fungueni masikio. Msichana yule amefungiwa ndani na baba yake. Mama anajua mahali ufunguo ulipo lakini anamwogopa mume. Kijana alikuwa amemwambia msichana asimtaje, kwa sababu angefukuzwa kazini, naye akaahidi. Wanamwuliza kila siku, nani aliyekuharibu akili? Hasemi. Anakonda. Wanaleta mganga, wanaleta shehe, hasemi. Kijana anapata habari amechelewa. Msichana anakufa na jina liko kinywani.

Nilipofunga kitabu, kivuli kilikuwa kimetuhama na hakuna aliyesogea.

"Haya," akasema Mzee Kulwa, "huyu kuku anasema nani kaua?"

"Baba," akasema mmoja. "Ndiye kafunga mlango."

"Baba anafanya kazi ya baba. Mama! Ufunguo alikuwa anaujua."

"Mama angepigwa. Kijana ndiye. Kamfunga mtoto wa watu kinywa, halafu kakaa mjini anakula."

"Kijana alijua atakufa? Mganga ndiye, kala mbuzi bure."

Ikawa vurugu. Watu waliokuwa tayari kumtilia mwenzao sumu kimya kimya sasa wakasimama wakanyoosheana vidole kwa ajili ya msichana ambaye hajapata kuzaliwa. Kila mtu na muuaji wake. Wawili walishikana mashati. Yohana akapiga kelele kuliko wote.

"Kajiua mwenyewe! Mtu anaulizwa, kinywa anacho, kwa nini asiseme?"

"Aliahidi."

Sauti ilikuwa ndogo, hata sikujua nani kasema. Wote wakageuka. Alikuwa Mabula. Machozi yalikuwa yanamshuka, na hakuweza kuyafuta, mikono ilikuwa nyuma.

"Kaahidi mtu," akasema tena. "Atasemaje?"

Mashati yakaachiwa. Mzee Kulwa akainuka taratibu, akamwendea Mabula, akachuchumaa mbele yake kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Mwanangu. Mihayo alikunong'oneza nini pale shimoni?"

Mabula akafunga kinywa.

Mzee Kulwa akatikisa kichwa, akasimama. "Neno la shimoni," akatuambia. "Tumelifundisha wenyewe, halafu tunamchemshia mtu gome kwa kulishika. Mfungueni. Kuku wamepishana. Atakayesema ni Mihayo."

"Na Mihayo akifa?" Yohana akauliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali, na Mabula alilijua kabla yetu sote. Mihayo akifa, kinywa cha Mabula kingebaki kimefungwa mpaka kaburini, na Yohana angemtazama kila siku. Yohana akarudi jikoni. Kisha akapiga chungu teke, mwavi ukamwagika jivuni, akaingia msituni peke yake. Mzee Kulwa ndiye aliyekata kamba.

Siku zilizofuata sikusoma kitabu. Nilinoa. Msumeno ukinolewa na mtu mwenye hofu unasikika, vijana wangu, tupa inalia. Mabula alikula peke yake. Yohana hakumsemesha, lakini hakuondoka mahali anapoweza kumwona.

Mto ulipopungua, Mzee Shabani akarudi na lori. Kabla hajashuka tulikwisha kumzunguka.

"Mguu wameukata," akasema. "Mtu yupo."

Yohana akaketi chini, pale pale matopeni.

Tulikwenda Kitete, Mzee Kulwa, Yohana, Mabula na mimi, juu ya mbao za mninga. Mihayo alikuwa kitandani, amekonda, shuka limelala bapa mahali pasipo na mguu. Mzee Kulwa akamwamkia kikwetu, "Mwangaluka," naye akaitika kwa taabu. Yohana hakuweza kungoja.

"Kabari. Mabula alikung'olea kwa nini, binamu yangu?"

Mihayo akamtazama Mabula aliyekuwa amesimama mlangoni, hataki kuingia. "Hukuwaambia?"

Mabula akatikisa kichwa.

"Mimi ndiye niliyemwambia aing'oe," Mihayo akasema. "Msumeno ulibanwa. Nikamwambia gonga kabari moja itoke, tulizungushe gogo kidogo. Akakataa. Akasema toka kwanza. Nikaona uvivu kupanda, ukingo wote tope. Nikamtukania mama yake, akagonga." Akapumzika. "Nikamwambia asiseme, Mzee Shabani atanifukuza. Nilidhani nitarudi kazini, unaona."

Nilimtazama Yohana. Sitawaambia uso wake ulikuwaje. Hilo ni lake. Alivuka wodi ile, akamshika Mabula mkono kwenye kifundo, pale pale ilipokuwa kamba, akamvuta mpaka kitandani, akamkalisha.

Mihayo hakuelewa, na hakuna aliyemweleza. Alikuwa na lake. Akanigeukia mimi.

"Machibya, mnafiki wewe. Mlimaliza kitabu bila mimi?"

"Tulimaliza."

"Nani kaua?"

Mzee Kulwa akaangalia dari. Mabula ndiye aliyejibu.

"Rafiki yake."

Mihayo akamtazama. Kisha akaanza kucheka, akajishika tumbo, akacheka mpaka muuguzi akaja kutukemea.

"Kitabu cha ovyo," akasema akifuta macho. "Huyo aliyeandika hajapata kushuka shimoni hata siku moja. Umeleta kingine?"

Nilikuwa nimeleta. Nilikitoa kwapani, kile cha msichana, nikakifungua. Yohana akanyoosha mkono.

"Lete," akasema. "Leo nitasoma mimi."

Akasoma, kwa kidole, neno baada ya neno, vibaya kuliko msomaji yeyote niliyepata kumsikia maishani mwangu. Anabana kila mahali. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza shingo, na wa tatu naye. Mihayo akafumba macho kusikiliza, mkono wake juu ya goti la Mabula. Na Yohana alipofika pale ambapo msichana anaahidi, akasimama, akaurudia mstari tangu mwanzo.